Nililia mbele ya wakurugenzi wenzangu, sasa naogopa kurudi

Barua hii imefupishwa, na mambo machache yamebadilishwa ili mwandishi asitambulike.

Shikamoo dada Mshauri,

Nina miaka 43, nina mume na watoto wawili, na huu ni mwaka wa tisa naongoza asasi ndogo hapa mkoani Morogoro. Tulianza watu watatu kwenye chumba cha nyuma ya duka la dawa. Hadi mwaka jana tulikuwa waajiriwa 14, wengi wao wahudumu wanaozunguka kwa pikipiki kuwafuatilia wasichana balehe na watu wanaoishi na VVU majumbani kwao, kata sita.

Fedha zetu nyingi zilikuwa za Marekani, ingawa hazikutufikia moja kwa moja. Zilipitia shirika kubwa lenye mkataba, nasi tukapewa ruzuku kutoka kwao. Januari 2025 ikaja barua pepe ya kusimamisha kazi. Nilimwita mhasibu tukaisoma pamoja, halafu tukairudia. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Dada, na yale mafuta tuliyokopa kituoni?"

Watu tisa ikabidi waondoke. Tumebaki watano. Kibao cha mradi bado kipo getini, nembo imeanza kupauka, na sina moyo wa kuking'oa.

Sasa niseme kinachoniumiza. Tangu 2022 nipo kwenye kikundi cha wakurugenzi sita wa asasi za hapa. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa zamu, ofisini kwa mmoja wetu. Mwenyeji anatoa chai na vitafunwa, posho hakuna. Sheria yetu ni moja: yanayosemwa pale hayatoki. Yupo mzee mmoja anayeongoza asasi ya watu wenye ulemavu, yeye ndiye aliyetukusanya, nitamwita Mzee. Yupo na dada mmoja nitakayemwita Mdogo, maana ndivyo nilivyomchukulia. Katiba ya asasi yake tuliiandika pamoja mezani kwangu, na nilikuwa naye mpaka usajili ukatoka.

Mwezi wa nne ilipofika zamu yangu ya kuzungumza, nilisema yote. Kwamba sijapeleka michango ya NSSF ya miezi mitatu. Kwamba nilichukua shilingi milioni 6.4 za mradi mwingine, unaofadhiliwa na mfuko mmoja wa Ulaya, nikalipa mishahara ya Februari na sehemu ya Machi, kwa sababu sikuweza kuwatazama watu usoni. Nilijua madai yetu ya Desemba yakilipwa nitazirudisha. Hayajalipwa hadi leo. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nililia sana. Mzee akanipa leso yake. Usiku ule nilipata usingizi wa kwanza tangu Januari.

Mwezi wa sita nikaingia katika watatu wa mwisho waliokuwa wanawania ruzuku ya mfadhili mwingine. Tukiwa kwenye simu, afisa wao akauliza: "Mnahakikishaje kwamba fedha za mradi mmoja hazilipi mishahara ya mradi mwingine?" Mshauri, hayo ni maneno yangu mwenyewe! Nilibabaika. Baada ya wiki mbili nikaambiwa nimekosa. Aliyepata ni Mdogo. Hata kujua kwamba naye ameomba, sikujua.

Tangu hapo sijakanyaga kikaoni. Julai nilisema nina msiba, Agosti nikasema nipo safarini. Kwenye kundi la WhatsApp nasoma tu. Mzee amepiga Jumapili tatu mfululizo, sikupokea. Mume wangu anasema: "Nyie wakurugenzi ni wauza nyanya wa soko moja. Nani atamwonyesha mwenzake anakonunua?"

Bodi yangu haijui kitu. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, ananiita mwanangu. Naogopa presha yake. Na vikao vyetu vya bodi ni dakika arobaini, chai ikiwemo.

Jumamosi ya tarehe 27 Septemba ni zamu yangu kuwa mwenyeji, na wameshaandika kundini. Nimkabili Mdogo? Nijitoe kimyakimya? Au nipike chai, nijifanye hakuna kilichotokea? Mkurugenzi ana wenzake kweli, au ana washindani anaokunywa nao chai?

Asiye na wa kumwambia, Morogoro

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba. Ningekuita mdogo wangu, lakini jina hilo umeshampa mwingine na sasa linakuchoma, basi nitakuita dada.

Swali la mhasibu wako kuhusu mafuta limenikaa kichwani siku mbili. Niliwahi kuongoza asasi, tena kwa miaka mingi, na najua siku mbaya haiji na maneno makubwa. Inakuja na deni la kituo cha mafuta, na watu tisa wanaopita mlangoni kwako mmoja mmoja kurudisha funguo. Kwamba mpaka leo kuna watu watano wanaofungua ofisi asubuhi, hilo si dogo, na barua yako imelipita bila hata kulitazama.

Nikikusoma vizuri, unaniuliza jambo moja: urudi kikundini au usirudi. Ila ndani ya barua mna mambo matatu umeyafunga kwenye khanga moja. Kuna shaka juu ya Mdogo. Kuna kikundi chenyewe. Na kuna milioni 6.4, ambazo umezitaja kana kwamba ni sehemu tu ya habari ya kikundi. Nitaanza na shaka, maana ndiyo inayokunyima usingizi.

Umesema afisa alitumia maneno yako mwenyewe. Mimi nimewahi kukaa upande wa pili wa simu hiyo, nikisoma maandiko ya miradi kwa niaba ya mfadhili. Swali hilo tulimuuliza kila mtu, karibu kwa maneno hayohayo, na kwa mwaka kama huu ningeshangaa mfadhili asiulize. Kila mmoja wao anajua ni asasi ngapi ziliamka Januari zikiwa na mishahara ya kulipa na akaunti tupu. Wewe ulipokuwa unakiri mbele ya wenzako ulitumia lugha ya mikataba, kwa sababu ndiyo lugha unayoishi nayo. Afisa naye anaishi nayo. Yawezekana mlikutana hapo, bila mtu wa katikati.

Sisemi Mdogo hakusema kitu. Mimi sikuwepo, wala wewe hukuwepo pale alipokuwa. Ninachosema ni kwamba ulichonacho mkononi ni swali moja la afisa na jibu lako lililobabaika, na huenda hilo la pili ndilo lililokugharimu. Halafu kuna hili: unalalamika kwamba alificha kuwa ameomba. Wewe je, uliwaambia kwamba umeomba? Barua haisemi. Kama hukusema, basi mlikaa watu wawili kwenye meza moja, kila mmoja amefunika sahani yake, na mmoja tu ndiye anayeitwa msaliti.

Kuhusu nyanya, mumeo ana hoja, ila sidhani kama amewahi kukaa sokoni kutwa nzima. Wauza nyanya wanaoshindana ndio haohao wanaoazimana sado, wanaovunjiana noti ya elfu kumi, na mmoja akienda kuswali au kunyonyesha, jirani anamuuzia na hela anamkabidhi. Wanakonunua hawaambiani, kweli. Lakini kila mmoja anajua kipi kinaazimwa na kipi ni cha mtu mwenyewe. Kikundi chenu kilitunga sheria ya siri, hakikutunga sheria ya ruzuku. Hakuna aliyewahi kusema: ukiona tangazo la mfadhili na unaliwania, tuambie, na anayeshindana na mwenzake asikae kusikiliza hesabu za mwenzake mwezi huo. Katika mkoa mmoja, asasi sita, wafadhili walewale, na fedha zimepungua hivi, mlikuwa mnangoja tu siku ya kugongana.

Sasa, kumkabili. Kama utazungumza naye, neno kukabili mimi ningeliacha nyumbani, nikaenda na swali: "Tangu Juni kuna kitu kimenikaa, naomba nikuulize ana kwa ana." Muwe wawili tu, kabla ya tarehe 27, wala si kwa ujumbe wa simu unaoweza kupigwa picha na kuzungushwa. Hata hivyo uwe tayari kwa majibu ya kila namna. Anaweza kukana, na akawa anasema kweli, na wewe usimwamini. Utabaki na nini hapo? Anaweza kukiri. Umeshafikiri utamwambia nini akikiri? Na anaweza kukasirika, akaondoka na ugomvi mpya akiwa bado ameshika siri yako.

Hapo ndipo naona kinachokutisha hasa. Mdogo ana nguvu juu yako kwa sababu moja tu, kwamba anajua kitu ambacho mwenyekiti wako hakijui. Siku mwenyekiti akikijua, Mdogo anabaki na habari ya zamani. Ndiyo maana sioni namna ya kuzungumzia kikundi bila kuzigusa fedha.

Dada, naomba uniwie radhi kwa nitakayosema hapa, nayasema kwa upendo. Wenzako walikupa masikio na leso. Idhini hawakuwa nayo ya kukupa, maana si yao; ni ya bodi yako, na ya huo mfuko wa Ulaya. Uliposema kwa watu watano ulipata nafuu, na nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, ulilala. Lakini naona pia ilikupa hisia kwamba jambo limeshasemwa, na miezi mitano imepita.

Umewataja wale tisa mara moja tu, kisha wametoweka kwenye barua. Mimi nawafikiria. Mtu aliyepoteza kazi huenda NSSF kuulizia fao la kukosa ajira, na pale dirishani anasomewa michango yake mwezi kwa mwezi. Siku mmoja wao akiambiwa kuna pengo la miezi mitatu, habari hiyo haitakuwa imetoka kikundini. Nawe unajua kwamba katika ile asilimia 20 ya mshahara inayopelekwa NSSF, kwa kawaida nusu hukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi mwenyewe. Ulifanya kosa hilo ili uweze kuwatazama usoni. Ukikutana na mmoja wao leo stendi ya Msamvu, utamtazama?

Njia ya kurudisha polepole bila kumwambia mtu ipo, na wapo walioifuata wakavuka. Hatari yake ni kwamba inategemea madai ya Desemba, na shirika la misaada la Marekani lililokuwa chanzo cha fedha nyingi za namna hiyo lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Deni la NSSF nalo halikai kimya, huzaa adhabu. Na sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali inataka taarifa ya mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Mkaguzi hahitaji umbea, anasoma taarifa ya benki.

Njia ya kusema nayo ina miiba yake. Mfadhili anaweza kudai fedha zake mara moja, au kusimamisha mradi na hao watano wakaathirika. Wapo wanaokubali ratiba ya kurejesha wakiona barua imekuja mapema, ina tarakimu, na imesainiwa na mwenyekiti. Wapo wasiokubali. Siwezi kukuahidi wa kwako ni wa namna gani; soma mkataba wako kwanza, kifungu cha matumizi ya fedha, ujue uliahidi kutoa taarifa ya nini na ndani ya siku ngapi. Usiende kwa bodi na machozi peke yake. Nenda na mhasibu na karatasi moja: kiasi kilichotoka, tarehe, kilikwenda kwa nani, kimebaki nini, NSSF wanadai nini.

Kuhusu presha ya mwenyekiti, unamjua wewe. Ila mwalimu mstaafu amekaa miaka na wazazi, ada, wizi wa chakula cha shule na mimba za wanafunzi. Sidhani kama wewe utakuwa habari nzito kuliko zote alizowahi kupokea. Jiulize taratibu kama ni yeye unayemkinga, au ni hilo neno "mwanangu" unaogopa kulipoteza. Vyovyote iwavyo, jina lake nalo limo kwenye hesabu hizo. Siku likija kulipuka kutoka nje, atauliza kwa nini watu watano wa nje walijua kabla yake.

Nirudi kwenye kikundi. Miaka ya 1940 huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Reg Revans alikuwa akishughulikia mafunzo katika migodi ya makaa ya mawe. Akaona mameneja wa migodi wanajifunza zaidi wakikaa wachache na kuulizana maswali kuliko wakiletewa mtaalamu. Njia hiyo imeenea duniani, na ukiitazama haiko mbali na upatu. Mwezi huu zamu ni yako, unaleta jambo moja. Wenzako hawakupi mawaidha, wanakuuliza. Mwezi unaofuata, kabla ya chai, wanakuuliza tena umefikia wapi.

Barua yako inatoka Aprili inaruka hadi Juni. Mei ilikuwaje? Kuna aliyekuuliza kama umemwona mwenyekiti? Kama hakuna, basi kikundi chenu kilijua kupokea machozi na hakikujua la kufanya nayo, na hilo ni pungufu la kikundi kizima kabla halijawa la Mdogo. Kama aliuliza mtu na wewe ukakwepa, hilo unalijua wewe.

Tarehe 27 unaweza kuwa mwenyeji na ukaleta mezani jambo la ruzuku tu, bila kumtaja mtu: mtaambianaje mnapowania fungu moja. Hatari ni kwamba Mdogo atahisi anasemwa kwa mafumbo, na kikao cha mafumbo ni kibaya kuliko kisichofanyika. Unaweza kulisema wazi mbele ya wote. Utatua mzigo, lakini watu wanne watalazimika kuchagua upande kuhusu jambo ambalo hata wewe huna hakika nalo. Unaweza kuomba mwingine achukue zamu, useme ukweli kwamba hauko tayari. Na unaweza kujitoa. Kujitoa si dhambi, vikundi vinakufa na watu wanaendelea. Ila kwa huko "kimyakimya", umeshatumia msiba na safari. Sababu ya tatu wataitunga wao, na mimi ningependa uitunge mwenyewe.

Ukijitoa, usifikiri pengo litajazwa na mikutano mikubwa. Nimehudhuria Wiki ya AZAKI, ule mkutano wa asasi za kiraia wa nchi nzima, zaidi ya mara moja, naipenda, unakutana na watu kutoka kila mkoa. Lakini huko kila mtu amevaa beji na tabasamu, na andiko la mradi liko kwenye mkoba. Mitandao ya wilaya na NaCoNGO, baraza la taifa la mashirika yasiyo ya kiserikali, kazi yake ni sauti ya pamoja mbele ya serikali. Huwezi kulia kwenye kikao chenye ajenda na mihutasari. Baadhi ya wakurugenzi ninaowajua wamepata faraja kwa watu wasiowania fedha zao kabisa: mmoja anazungumza kila Alhamisi na mkuu wa shule ya sekondari, mwingine na mkurugenzi wa asasi ya mazingira mikoa mitatu mbali naye. Wanakosa kitu kimoja: hao hawawajui wafadhili wala mazingira ya pale. Kwa hali yako, huenda hicho ndicho kinachofaa, huenda sicho.

Swali lako la mwisho, kama mkurugenzi ana wenzake, silijibu. Ila umenieleza habari za Mzee kwa mistari mitatu, na humo mna simu tatu, Jumapili tatu. Hajaomba ruzuku uliyoomba wewe, hajakushitaki kokote, na umemweka kapu moja na anayekutia shaka. Sijui alitaka kusema nini. Labda alitaka kukuuliza kuhusu Septemba na vitafunwa. Na ile leso yake, ulimrudishia?